Ilsa Rautio na Mirija Miwili ya Hamira

Marehemu Ilsa Rautio alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 huko Hibbing, Minnesota, mtoto wa pili wa mchimba chuma Eino na mkewe Lempi. Mwaka 1971 alihitimu biolojia mjini Madison, Wisconsin. Mama yake alikuwa akimtania: "Chuo chote hicho, bado unahangaika na hamira kama mimi jikoni!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka thelathini na miwili maabarani, alitafuta kwa hadubini mahali zinapokaa, ndani ya seli ya hamira, protini zinazosaidia kutoa nje vitu vilivyotengenezwa na seli. Mwaka 1984 alichapisha kwamba mojawapo imetanda ukingoni mwote mwa seli. Akapongezwa.

Miaka miwili baadaye, akisafisha friji, aligundua kuwa katika jaribio lile alikuwa amechanganya lebo za mirija miwili ya hamira. Protini ile hukusanyika kwenye ncha ya chipukizi tu, pale seli changa inapoota. Alinyamaza. Kule Toronto, mwanafunzi Denise Thibault alikuwa ameuona ukweli huo mara kumi na moja, lakini mwalimu wake, akiamini andiko la Ilsa, akamwambia ana mikono mibovu. Denise akaacha masomo. Ilsa alizisikia habari hizo mkutanoni, akamaliza chakula chake.

Alikuwa ameolewa na fundi bomba Warren Lindqvist tarehe 14 Juni 1975. Mwaka 1989 alimweleza yote mezani.

"Mimi unaniambia ili iweje?" Warren aliuliza. "Kwani ni mimi niliyeacha shule?"

Mwezi huohuo Ilsa alisahihisha andiko lake hadharani, kisha akampigia Denise simu.

"Mikono yako haikuwa na kosa. Kosa ni langu, na nimelijua miaka mitatu."

"Miaka mitatu?" Denise alisema. "Mimi sasa nauza viatu, mama." Akakata simu.

Ilsa alimwandikia kila mwaka. Hakujibiwa, wala hakulalamika.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Novemba 2018; alifariki nyumbani tarehe 3 Februari 2019. Alimwagiza mpwa wake Karen, anayesoma wasifu huu: "Usinisifu kwamba nilikiri. Sema nilichelewa."

Alichelewa.

Ameacha mume, Warren, binti, Kirsten, wajukuu wawili, na kaka, Toivo. Familia inamwomba Denise Thibault radhi, hapa, mbele ya watu.

Apumzike sasa, Ilsa wetu; mwenyewe hakuwahi kujipa ruhusa.