Saa Nzima na Alama ya Kidole Gumba

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na aweke mwiko chini kidogo. Leo tunamkumbuka mwoka keki ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Kipimo. Amefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Sifa yake ilikuwa donge la lozi: lozi zilizomenywa, zikasagwa na sukari, zikakandwa kwa ute wa yai, kisha donge likasukumwa jembamba kufunika keki.

Bi Kipimo aliziogopa lozi. Tunarudia: alikiogopa kitu alichokipenda. Miaka thelathini iliyopita alinunua lozi za gunia asilolijua. Zilinukia kuliko zote alizowahi kushika, akadhani harufu kali ndiyo ubora. Kumbe zilichanganyika na lozi chungu, na lozi chungu zina sumu. Alipoonja uchungu, akaongeza sukari. Binti yake wa pekee, wakati huo akiwa na miaka sita, alikula kipande kinono. Alilazwa siku tatu, pumzi zikimkatika.

Tangu hapo hakuna aliyeonja kabla yake. Aling'ata ncha ya kila lozi. Iliyo chungu aliitema. Donge likiwa tayari alikula tonge dogo, akakaa kitini, akaitazama saa ya ukutani kwa saa nzima. Akiwa mzima, alibonyeza kidole gumba katikati ya donge. Alama ile ilimaanisha: kuleni. Mumewe, marehemu sasa, alimtania kwamba ameoa mwonjaji wa mfalme asiye na mfalme. Yeye hakucheka.

Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, binti yake, sasa mwalimu wa sayansi, alimkuta kitini jikoni, kichwa juu ya mkono, mwili umeshapoa. Mbele yake palikuwa na donge lililomegwa pembeni. Halikuwa na alama.

Binti alipiga simu hospitali. Kisha akaona daftari: "Donge la kwanza, kwa mshonaji, keki ya mtoto." Mshonaji ni jirani wa nyumba ya tatu. Binti alimpigia, simu iliita bila kupokelewa. Akamwomba mjomba wake, aliyekuwa sebuleni, abaki na mama, akatoka mbio na kandambili moja mguuni.

Keki ilikuwa mezani, nyeupe, imefunikwa tayari.

"Dada, donge la mama lilikuwa na alama?"

"Sikuangalia. Nimelisukuma lote. Kwani kuna nini?"

Alama, kama ilikuwepo, ilikuwa imelainishwa na kifimbo cha kusukumia.

"Mama amefariki. Nani amekula?"

Mshonaji alimtazama mwanawe wa miaka mitano, aliyekuwa chini ya cherehani akilamba vidole.

Binti alimvuta mtoto mwangani. Akamhesabia pumzi, akamtazama midomo. Aliijua vizuri orodha ya dalili, kwa kuisoma na kwa kuipitia. Akamuuliza kama lilikuwa chungu.

"Tamu," mtoto alisema. "Ila mama ananipa kidogo kama dawa."

Hakuna aliyecheka. Akaulizwa kama bibi alisema lolote alipolileta.

"Alisema saa imeisha. Akaniambia nibonyeze mimi. Nikabonyeza na gumba langu."

Binti aliketi sakafuni, akalia mbele ya mtoto aliyekuwa bado anasubiri keki.

Wasikilizaji wapendwa, daktari amethibitisha kwamba ulikuwa moyo. Tunarudia: moyo, si lozi. Bi Kipimo alikuwa akimalizia saa ya donge la pili.

Baada ya mazishi, mjomba alishauri donge hilo litupwe. Binti alilitoa kwenye friji. "Daktari amesema moyo," alimwambia, "lakini mwili wangu haujamsikia." Akamega tonge, akakaa katika kiti kile kile, akaitazama saa ile ile. Mjomba anasema alishika ukingo wa meza mwanzo hadi mwisho.

Tunawapa pole binti, mjomba, mshonaji na wote waliokula kwa mkono wa Bi Kipimo bila kuuliza. Na tujiulize, kila mmoja mezani pake: ni nani aliyeogopa kwa niaba yetu ili sisi tule kwa raha?

Saa ilipotimia, binti alinawa mkono, akabonyeza gumba lake katikati ya donge. Kisha akampigia simu mshonaji: "Njooni na mtoto, kuleni."