Uwanja wa Ndege wa Bwana Kivuva
Na Sauda Abdulkadir, Masjala

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Kivuva Musembi, Karani Mkuu wa Mipango, atastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 1997. Alianza kazi Kitui mwaka 1966, na mwaka 1993 akaletwa Makueni, wilaya ikiwa changa na ofisi yetu ikiwa na meza mbili na kiti kimoja. Kiti kilikuwa chake. Anayekimezea mate ajue kwamba mguu mmoja unahitaji kuegemezwa.

Miaka yake kumi na saba ya kwanza ilikuwa myepesi. Mipango ilitungwa Nairobi, ikaja kwenye bahasha, naye akaifungia kabatini isiliwe na mchwa. Wananchi hawakuulizwa kitu, kwa hivyo hawakumsumbua. Kisha mwaka 1983 ikatangazwa kwamba tangu sasa mipango itaanzia mashinani: wananchi waseme, wilaya iandike, Nairobi itekeleze. Waraka wa kuwapa wananchi sauti uliandikwa kwa Kiingereza, ukafika Novemba watu wakiwa shambani wanapanda, na majibu yalitakiwa kwa siku kumi na nne.

Bwana Kivuva alipanda baiskeli hadi Kyandula, lokesheni kavu kusini mwa Kitui, nami, wakati huo nikiwa masjala ya Kitui, nyuma yake kwa miguu na mafaili. Huko kuna mwethya, kikundi cha akina mama wanaofanya kazi za kijiji kwa pamoja. Kiongozi wao ni Nzilani, ambaye kila mtu, hata chifu, humwita mwaitu, yaani mama. Waliomba kitu kimoja tu: ukuta wa mawe wa kukatiza mto wao wa msimu, ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji. Kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa saa tatu, na wasichana walikuwa wakiacha shule kwa sababu ya madebe. Ukuta ukaandikwa namba moja. Fomu ilikuwa na nafasi tatu, nayo haikupokelewa ikiwa na pengo, basi mbili zilizobaki zikajazwa barabara na josho la ng'ombe. Nairobi ikaleta josho. Lilikuwa josho zuri sana, lililokosa maji tu.

Hapo ndipo Bwana Kivuva alipojifungia masjala siku tatu akisoma mafaili ya zamani, akatoka na ugunduzi wake mkuu. Namba moja hukatwa siku zote kwa kuwa ni ghali. Namba mbili hupelekwa kufanyiwa uchunguzi. Namba tatu hupita, maana wakubwa wakishakataa mara mbili huona haya kukataa tena. Mwaka 1986 akawaandikia watu wa Kyandula fomu mpya: kwanza uwanja wa ndege, pili chuo kikuu, tatu ukuta. Wiki nzima alitembea ofisini akipiga mluzi.

Jambo ambalo karani wetu hakulijua, baada ya miaka ishirini ya kupanga mipango, ni kwamba uwanja mdogo wa ndege ni kitu rahisi mno mahali tambarare. Unafyeka vichaka, unapanga mawe pembeni, unayapaka chokaa, kazi imekwisha. Nairobi haikuamini bahati yake. Mwaka 1987 tingatinga likafika Kyandula, na mbuzi wakapata mahali pazuri pa kulala.

Siku ya kukabidhi mradi, mwaitu Nzilani alisimama mbele ya wakubwa wote. “Kivuva, sisi tuliitisha maji,” akasema. “Sasa hiyo ndege tutakunywa?” Bwana Kivuva aliangalia viatu vyake. Mimi niliagizwa kuandika kwenye kumbukumbu kwamba wananchi walishukuru, na niliandika. Hadi leo naona aibu.

Kuomba ukuta upya hakungewezekana, kwa kuwa, kwa kanuni mpya ya mwaka huo, Kyandula ilishapata fungu lake hadi miaka mitano ipite. Basi akaandika barua nyingine, ya kuomba magunia mia mbili ya simiti ya kukarabati uwanja wa ndege. Simiti ya maji haikuwahi kupatikana. Ya ndege ilifika baada ya wiki sita. Mwethya wakang'oa mawe yale yale yenye chokaa wakayapeleka mtoni. Bwana Kivuva alitumia likizo yake yote kuchanganya simiti, tena vibaya, hata mwaitu akamwondoa akampa kazi ya kubeba mawe. Ukuta ulikamilika kabla ya mvua za mwaka 1988.

Mwaka 1990 mkaguzi alikuja kuuliza uwanja uko wapi. Bwana Kivuva angeweza kumwonyesha kichaka chochote. Alimpeleka mtoni, akamwonyesha mawe meupe ukutani. “Uwanja ndio huu,” akamwambia. “Wananchi waliamua.” Alinusurika kupigwa kalamu, lakini akapewa barua ya onyo na cheo chake kikagandishwa. Ndiyo maana anastaafu na cheo alichokuwa nacho mwaka 1984, huku waliotuletea josho kavu wakiwa wakurugenzi. Kwa miaka kumi na minne tumehubiri kwamba wananchi waamue. Mahali pamoja waliamua kweli, na aliyewasaidia ndiye aliyeadhibiwa.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwandiko wake ni mbaya, chai yetu ameinywa bila kuchangia sukari, na mluzi wake hatutaukosa. Lakini wasichana wa Kyandula sasa wanamaliza darasa la nane, na sijui ni nani mwingine katika jengo hili anayeweza kusema hivyo kuhusu kazi yake.

Kwa kufuata utaratibu, Bwana Kivuva, kamati ya kukuaga ilikupa fomu ya zawadi yenye nafasi tatu. Uliandika ndege, chuo kikuu, na toroli la kubebea madebe, kwa sababu nyumbani kwako karibu na Matiliku maji bado ni mwendo wa saa mbili. Asante kwa yote, Bwana Kivuva, na Mungu akupe maisha mema yenye mvua. Ndege imekatwa kwa kuwa ni ghali, chuo kikuu kinafanyiwa uchunguzi, na toroli lako liko langoni kwa mlinzi.