Bunge Lililoota Nyasi

Benchi la mbele ya karakana ya kuchomelea pale Mosocho lilijaa kabla Jacinta, muuza kahawa, hajafungua chupa yake. Angwenyi alikuwa amerudi juzi kutoka Canberra, mji mkuu wa Australia, alikokwenda kumtembelea bintiye, Natasha. Hamu ya kusimulia ilikuwa imemjaa kifuani. Wenzake walikuwa na hamu ya kubisha. Kushoto kwake aliketi Onchiri, aitwaye Profesa kwa ajili ya miwani tu. Kulia, Thadeus, ambaye kwa kusikiliza matangazo ya bunge mchana kutwa alibandikwa jina la Spika.

— Ulipotezwa, mzee, Profesa akaanza. Mji mkuu wa Australia ni Sydney.

— Sydney na Melbourne ziligombania ukubwa, ndio wakaamua kujenga mwingine. Ulichorwa kwa karatasi kwanza. Hata ziwa walitengeneza.

— Ziwa! Samaki walikuja na lori?

— Haba na haba hujaza ziwa, Spika akatoa uamuzi.

Angwenyi akasonga mbele.

— Bunge lao lina nyasi juu ya paa. Nilipanda na lifti, nikaziona.

— Yaya, hapana! Sisi tumetoa nyasi tukaweka mabati, wao wanarudi nyuma?

— Hayo ni malisho, Profesa, Spika akafafanua. Mbunge akisinzia, ng'ombe anakanyaga paa, anaamka.

Angwenyi akatoa simu, akawaonyesha picha yake juu ya paa, kakumbatia koti. Spika akaitazama sana.

— Hapa ni Manga, kilimani kwetu. Naijua hiyo baridi.

Kauli hiyo ilimchoma Angwenyi. Akaona awape kubwa kuliko yote.

— Kwa makumbusho yao nimeona moyo wa farasi. Alikuwa bingwa wa mbio. Ngozi iko Melbourne, mifupa iko New Zealand.

Profesa akavua miwani.

— Huo sasa ndio ugatuzi! Kila mahali pamepata kipande.

— Nasi tudai, Spika akadakia. Kwato ziende Kenyenya, ini liende Nyamira. Mgala muue na farasi wake mpe!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Hapo akafika Drusilla, jirani yake Angwenyi, ametua ndizi zake chini ili anunue kikombe.

— Karibu nyumbani, Baba Natasha. Na mtoto, alisema atarudi lini?

Profesa akamtazama Spika. Spika akatazama barabara. Swali hilo Angwenyi alikuwa amelibeba tangu siku ya kwanza kule Canberra, na kila asubuhi, kabla hajalitoa, Natasha alimshika mkono: "Twende, Baba. Kuna makumbusho mengine hatujaona."