Honi ya Bi Kelele

Risala ya Ushirika wa Upishi na Malezi, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kwa Mgeni rasmi, siku ya kufungua banda jipya la watoto

Ndugu Mgeni rasmi,
Ndugu Onesphory, Katibu wetu wa Tawi,
Mabalozi wa nyumba kumi kumi, wazee, akina mama wenzetu, na ninyi watoto mlioonywa msilie mpaka mgeni aondoke:

Karibu tena

Tunakuamkia kwa heshima na tunakukaribisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ulikuja mwaka jana kutufungulia jiko. Wengine huahidi kurudi wasirudi. Wewe umerudi, na kwa hilo tunakushukuru kwa dhati.

Utatuwia radhi kwa mapokezi ya leo. Mwaka jana wachezaji wa ngoma walikupokea wakiwa wamepigwa pasi na hawana hata tone la jasho. Leo wamekuja kwa miguu kutoka Buguruni na ngoma kichwani, na umewaona mwenyewe walivyochoka. Gari lililowabeba mwaka jana halipo tena. Habari zake tutazifikia, kwa sababu ndizo zilizotuleta hapa mbele yako.

Ushirika wetu ulikotoka

Ushirika huu ulianzishwa na akina mama waliokuwa wakipika kila mmoja kwenye kona yake, huyu maandazi, yule wali na maharage, mwingine supu ya utumbo. Tuliposhauriwa tuungane, tuliungana. Tukapika chungu kimoja kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani na makuli wa sokoni, na kwa kuwa mama hawezi kukoroga ugali na mtoto mgongoni mbele ya moto, tukaanza kuwalea watoto pamoja. Miongoni mwetu wako waliotoka Lindi, Masasi na Songea, wanaosali msikitini na wanaosali kanisani, na Bi Urmila wa hapo jirani alitupa chumba chake cha nyuma kabla hata hatujajua tutakilipia nini. Mpaka leo hajatudai.

Mafanikio

Mafanikio ni mengi, na Ndugu Katibu ametuomba tuyataje yote. Tunapika bila kukosa hata wiki ambazo mafuta ya kupikia hayaonekani. Watoto wetu wanajua kuhesabu na kuimba. Jiko ulilolifungua halivuji.

Fanikio kubwa kuliko yote lilikuwa gari. Ilikuwa stesheni wagoni ya familia, ndefu, yenye safu tatu za viti, ambayo huko ilikotengenezwa baba hupakia mke, watoto na mbwa wakaenda kutembea porini. Sisi tulipewa kupitia Shirika la umma linaloagiza magari, kwa kuwa tulikuwa ushirika wa mfano. Tulipakia watoto kwenda kliniki, magunia ya mchele, wajawazito walioshikwa na uchungu, na mara moja maiti ya mzee wetu. Dereva wake alikuwa Shaibu, mume wa Sabaha, huyu aliyekaa safu ya mbele na kanga ya bluu. Shaibu alilipenda gari lile hadi Sabaha akawa anamtania kwamba siku moja atalitolea mahari.

Ndugu Mgeni rasmi, nakala ya risala hii tuliyompa Ndugu Katibu aikague inaishia hapa, kisha yanafuata maombi ya mabati na vitanda. Tunajua sasa anataka kusimama. Keti tu, Ndugu Katibu. Wali bado haujaiva, na funguo za jikoni tunazo sisi.

Matatizo

Gari lile lilikuwa na ugonjwa wa umeme tangu lilipofika. Ukiwasha taa ya kukatia kona, vifutio vya kioo vinaanza kazi jua kali. Taa kubwa zilizimika zenyewe na kuwaka zenyewe. Betri ililala nzima ikaamka mfu. Zaidi ya yote, ukikata usukani kulia, honi inalia. Ililia Ijumaa katikati ya hotuba ya msikitini, na Jumapili ikalia mlangoni mwa kanisa la Msimbazi, isije ikaambiwa inabagua. Watoto wakalibatiza gari lile Bi Kelele.

Tulicheka, lakini Shaibu hakucheka sana. Alikuwa akisikia harufu ya mpira ulioungua chini ya dashibodi, na harufu ile ilimfuata mpaka nyumbani. Alimpelekea gari fundi Ghanshyam, mtu wa umeme wa magari pale Gerezani. Ghanshyam alifungua, akachungulia, akafunga. Alisema waya zimevikwa plastiki mbovu, zinayeyuka na kugusana, na kwamba honi ikilia yenyewe ndiyo inawaambia kuwa zimeshagusana. Kuzibadilisha hawezi, kwa sababu waya za namna ile haziuzwi popote mjini.

Haukupita muda tukasikia redioni kwamba kiwanda huko ng'ambo kimekiri kosa hilo hilo. Magari yote ya aina ile yanaitwa yarudishwe, yafungwe waya mpya bila malipo. Tulishangilia, Ndugu Mgeni rasmi. Si kawaida yetu kusikia mkubwa amekosea, kasema amekosea, na anatengeneza. Shirika likapokea waya kidogo likapanga zamu, na likatangaza kwamba atakayekosa zamu yake atangoja shehena nyingine. Zamu ya Bi Kelele ikaangukia Jumanne.

Jumanne ile ndiyo siku uliyokuja kutufungulia jiko.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Ndugu Katibu alikuja kwa Shaibu. Alisema gari linatakiwa kuchukua wachezaji wa ngoma. Shaibu akamweleza habari ya zamu. Ndugu Katibu akamjibu kwamba mgeni wa Chama hapokewi na watu waliokuja kwa miguu, na kwamba gereji haihami. Wewe unazijua desturi zetu: mtu anaweza kukataa harusi ya ndugu yake, lakini mapokezi hakatai. Hakuna sheria inayosema hivyo, ila hatujawahi kumwona aliyekataa. Shaibu akakubali, na sisi wote tukaona amefanya vizuri.

Asubuhi Ndugu Katibu akakumbuka honi. Akaogopa italia wakati unahutubia. Akamwamuru Shaibu aing'oe, naye akaing'oa, akaifunga kwenye kitambaa akaiweka kabatini kwake, maana vipuri siku hizi havilazwi nje. Bi Kelele akawa bubu kwa heshima yako.

Yaliyofuata unayajua kuliko sisi. Uliposhuka jukwaani dereva wako alikuwa amekwama kwenye foleni ya petroli, ukasema hutaki makuu, utapanda gari la ushirika. Tulikupigia makofi kwa neno lile. Ukakaa mbele, kando ya Shaibu. Nyuma palikuwa na ngoma tu, na ngoma haziitwi mahakamani.

Shaibu alirudi usiku ule uso umemng'aa. Alimhadithia Sabaha neno kwa neno, na Sabaha ametuhadithia sisi mara nyingi hata tungeweza kukusomea bila karatasi. Kwamba mlipofika Mnazi Mmoja ulisema, "Gari lenu limetulia kweli. Na wewe dereva mstaarabu, hupigi honi ovyo."

Shaibu akaona mlango umefunguka. Akakwambia, "Shikamoo mzee, na samahani kwa kukusumbua. Leo gari hili lilikuwa na zamu ya kubadilishwa waya. Limekosa kwa sababu ya mapokezi. Waya zake si nzima, na mimi nabeba watoto."

Nawe ukamjibu, "Usihofu, kijana. Kesho nitawapigia simu mwenyewe. Mtapewa siku nyingine."

Tangu siku hiyo Shaibu hakuhofu. Sabaha alipomuuliza mbona hairudishi honi mahali pake, alisema itarudishwa gereji pamoja na waya mpya, siku yoyote kuanzia sasa, kwani mzee amesema. Alikuwa akilifuta gari vumbi kila asubuhi kana kwamba wanakuja kulichukua. Alipokwenda kuuliza Shirika, aliambiwa shehena ya pili haijafika kwa kukosekana fedha za kigeni, na kwamba hawana habari ya simu yoyote. Akarudi akisema wadogo hawaambiwi mambo ya wakubwa. Kukutilia shaka hakuweza.

Baadaye, Bi Kelele akiwa anawarudisha watoto kutoka kuchanjwa Buguruni, moto ulitokea chini ya dashibodi kwenye Barabara ya Uhuru, karibu na Ilala. Honi haikulia kumwonya mtu, maana ilikuwa kabatini. Shaibu alisimamisha gari akawatoa watoto kwa dirisha, mmoja mmoja, akiwarushia wapita njia. Walipohesabu pale kando ya barabara akakosekana Uwesu, mwana wa mpishi wetu Hyasinta, aliyekuwa amejificha chini ya kiti cha nyuma kwa hofu. Shaibu alirudi ndani. Alimtoa Uwesu akiwa mzima. Mikono yake yeye iliunguzwa na mlango, kwa sababu aliushika bila kuuachia mpaka ukafunguka.

Uwesu yuko hapa. Ndiye aliyekuvika shada la maua ulipofika.

Shaibu hayuko hapa. Yuko mahabusu Keko, ameshitakiwa kwa uzembe na kuteketeza mali ya umma. Shirika limeeleza kwamba gari liliitwa na dereva hakulipeleka, na hilo ni kweli. Ndugu Katibu alipoulizwa Jumanne ile gari lilikuwa wapi, alisema mapokezi yalikuwa na magari mengi na yeye hakumbuki lipi lilibeba nini. Tulikwenda sote polisi kueleza. Tukaambiwa sisi ni wenzake, tunamtetea. Sabaha humpelekea chakula na kumlisha kwa mkono wake wanapomruhusu, kwa kuwa vidole vyake havishiki kijiko wala havifungi kifungo cha shati. Yule mtu aliyekuwa akituonya tusishike mlango wa gari kwa mikono yenye mafuta.

Tunaona uchungu, Ndugu Mgeni rasmi. Tumejaribu kuliandika neno hilo kwa namna nyingine ya adabu zaidi, hatukulipata. Shaibu kila anapomwona mkewe swali lake ni moja tu: "Mzee hajapiga simu?" Sabaha humjibu kwamba mzee ana kazi nyingi.

Ombi

Tulizoea kukuandikia maombi mengi ili upate moja la kutimiza. Leo tumeyafuta. Banda hili tutalitumia bila vitanda, watoto watalala mkekani kama kawaida. Mabati utakayopenda kutupa, wape wengine.

Tunaomba uje mahakamani Jumatatu. Hatukuombi umpigie simu mtu yeyote. Habari za simu tumezielewa. Hatukuombi umsifu Shaibu wala umwombee huruma. Simama tu useme siku ile ulirudi na gari gani, nani aliendesha, na alikwambia nini mlipofika Mnazi Mmoja. Hakuna mwingine hapa Dar es Salaam anayeweza kusema hivyo akaaminiwa. Ukisema hukumbuki, tutakuwa tumepata jibu, na Shaibu atakuwa amepata kifungo chake.

Zawadi

Desturi inatutaka tusikuache uondoke mikono mitupu. Mwaka jana tulikupa kinyago na kitenge. Safari hii Sabaha amefungua kabati akatoa kitu kilichokuwa kwenye kitambaa, na Uwesu anakuletea sasa hivi.

Ni honi ya Bi Kelele. Ndiyo iliyobaki ya gari zima, kwa sababu iling'olewa ili wewe usikatizwe maneno. Fundi Ghanshyam ameipima, ni nzima kabisa. Iunganishe na betri yoyote, hata ya gari hilo ulilokuja nalo, itasema.

Mwenyezi Mungu akupe safari njema na akurejeshe kwa watu wako salama. Awalinde watoto wetu barabarani, aponye mikono iliyowatoa motoni, na akukumbushe lile ambalo wewe peke yako ulilisikia.

Ni sisi wapishi na walezi wa Ushirika wa Upishi na Malezi, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Tumesomewa na Benedikta, mwenyekiti wetu, na kila neno tumelikubali wote.

Jumatatu, saa tatu asubuhi. Tutakuwekea nafasi kwenye benchi, kando ya Sabaha.