Bi Mwanakuu na Jani Lenye Tundu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwanakuu Fuad anastaafu, baada ya kuchora maua kwa miaka thelathini na sita katika karakana yetu ya picha, Mji wa Kale. Mimi Zoher, niliyekuwa msimamizi wake, nimeombwa niandike wasifu huu. Nashukuru nimeombwa sasa, maana afya yangu haina subira tena.

Alikuja mwaka 1989 na brashi zake mbili. Hakuchora kwa kutazama vitabu. Kila asubuhi alipita bustani za watu, akaomba ua moja na jani lake, akalitia gilasini na kulichora kwa rangi za mafuta kama lilivyo. Asumini aliimaliza kabla ya adhuhuri, isije ikanyauka. Jani likiwa limeliwa na mdudu, tundu nalo lilichorwa.

Mteja mmoja wa Ganjoni alilalamika kwamba jani la waridi lake limetoboka. Bi Mwanakuu alimweleza kwa adabu kuwa jani hilo limetoka bustanini kwake, basi autibu mti kwanza, picha itafuata. Mteja alicheka, akaagiza picha ya pili.

Amefundisha wachoraji kumi na mmoja, akiwemo Raihana anayeshika nafasi yake. Wote hutoboa majani.

Lipo jambo sitaki kuondoka nalo duniani. Mwaka 2003 picha yake ya mawaridi meupe ilichaguliwa kutundikwa katika ukumbi wa maonyesho. Desturi yetu ilikuwa msimamizi kutia sahihi kazi zote, lakini ningeweza kusema ni ya nani. Sikusema. Nilichukua rangi ya kijani nikaliziba tundu la jani lililokuwamo, ili mkono wake usitambulikane. Sifa nikazipokea mimi, miaka ishirini na miwili.

Mwezi uliopita alikuja kwangu Mbaraki, nikamwomba radhi. Alinisamehe, kisha akaniambia kijani changu kilizidi manjano, na kwamba alikiona tangu siku ya kwanza. Hakupata kumwambia mtu.

Picha imerudi karakanani. Raihana ameikwangua rangi yangu taratibu, tundu limeonekana, na sahihi iliyo chini sasa ni ya mwenyewe.

Bi Mwanakuu, ahsante kwa maua, na kwa kunisitiri. Mungu akupe afya, macho makali na asubuhi nyingi za asumini, na majirani wakuachie majani machache yasiyopuliziwa dawa.