Cecilia Malale na Uwanja Uliotutoa Jasho

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Cecilia Malale anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara yetu ya ujenzi hapa Mpanda. Amesimamia madaraja, zahanati na soko. Lakini likitajwa jina lake, watu huuliza habari za uwanja tu, kwa hiyo tuyaseme ya uwanja yaishe.

Tulipoambiwa tuandae uwanja wa mazoezi kwa timu moja ya mashindano ya Afrika, tulishangilia. Furaha haikumaliza mwezi. Nyasi zililetwa kwa treni, zikakwama Kaliua, zikafika zimekuwa rangi ya ugoro. Zilizopona ziliingiliwa na ng'ombe wa Makoye, mfugaji jirani, ambaye alikuja mwenyewe kuomba radhi na kueleza kwamba kiangazi kile mifugo yake haikuwa imeona kijani kingine. Wakaguzi wa kwanza walitaka nguzo za taa ziwe ndefu. Wa pili wakataka zipunguzwe. Tulipoziwasha kwa majaribio, nusu ya mji ikazimika. Barabara ya kuingilia iliwekwa lami, na kabla haijazoea matairi, wakaja watu wa mabomba wakaipasua. Siku hiyo Cecilia aliketi juu ya tofali, akanywa chai yake yote, ndipo akainuka kwenda kugombana nao.

Wiki ya ukaguzi wa mwisho akagundua kwamba Danford, msimamizi wa mkandarasi, amefukia mtaro wa maji ya mvua na kupanda nyasi juu yake ili papendeze. Bila mtaro ule, maji yote ya uwanja yangeshuka mtaa wa Majengo, kwenye nyumba za watu. Danford alimsihi asubiri wageni waondoke, kisha ufukuliwe taratibu. Wakubwa nao wakamuunga mkono Danford.

"Wageni wakishaondoka, nyie mtanirudishia hizi mashine za kuchimbia?" Cecilia aliuliza.

Akachukua koleo mwenyewe.

"Basi tunafukua leo."

Wakaguzi walikuta uwanja umepasuliwa upande mmoja na udongo umerundikana. Timu ikapelekwa mkoa mwingine. Mji mzima ulimnunia Cecilia. Bodaboda walimpita kama hawamwoni, na Scola, mama lishe wa sokoni, alimwambia mbele za watu kwamba amewanyima riziki. Alirudi ofisini akalia, akanawa uso, akaenda kumalizia kujengea mtaro, maana hilo halikuwa na mtu mwingine wa kulifanya.

Januari mvua ilinyesha vibaya mno. Uwanja uligeuka bwawa, lakini mtaro ukayabeba maji hadi bondeni, na Majengo hakuna hata nyumba moja iliyoingiwa na maji. Hatukupata barua ya pongezi kutoka kokote. Scola, ambaye anaishi Majengo na watoto wake, alikuja ofisini na migebuka, samaki wa ziwani Karema, kwenye bakuli, akaiweka mezani.

"Dada, tumelala pakavu," alisema.

Cecilia anahamia Karema kwa dada yake, kulima na kupumzika. Dada Cecilia, tunakushukuru kwa kusimama ulipobaki peke yako, na kwa kutuvumilia sisi tuliokuwa tunataka papendeze tu. Mungu akupe afya na miaka mingi ya amani kando ya ziwa, mbali na wakaguzi wa aina yoyote.