Kinyozi na Sindano ya Jicho

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Taratibu kwa jinsi alivyonyoa bila papara, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, akasoma hadi darasa la saba, akajifunza ukinyozi kwa mjomba wake, na mwaka 1981 akafungua kibanda chake mwenyewe. Alifunga ndoa na mama tarehe 20 Agosti 1983, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume.

Mwaka 2004 alipimwa akakutwa na kisukari, akakichukulia kimzaha, akidai sukari inamhusu mwenye chai. Mwaka 2016 madoa meusi yalianza kuelea machoni pake, akanyamaza kwa hofu, akawa ananyoa kwa kupapasa, mpaka wembe ulipomkata sikio jirani yetu fundi viatu, ambaye, damu ikimchuruzika shingoni, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka hospitali. Daktari alieleza kwamba mishipa midogo nyuma ya macho inavuja, jicho la kushoto limeshapofuka, na la kulia litahitaji sindano za dawa ndani ya jicho kupunguza uvimbe, pamoja na leza kuzuia mishipa mibovu isiendelee kuota, kwani kwake tiba moja peke yake isingetosha.

Aliposikia sindano ndani ya jicho, aliaga kwenda msalani, mama akamkuta getini akitokwa jasho.

“Mama watoto, mimi nashika wembe, najua mkono wa mtu unavyoteleza.”

“Wako umeteleza kwa sababu huoni. Turudi.”

Alirudi, akatiwa matone ya ganzi, akamng'ang'ania mama vidole mpaka vikafa ganzi na vyenyewe. Hofu haikumtoka kamwe, kila miadi ilipokaribia chakula kilimshinda, lakini alikwenda, kwa sindano na kwa leza, na jicho la kulia likabaki.

Mwaka jana figo zilishindwa kufanya kazi, na tarehe 2 Juni 2024 alasiri, akiwa wodini, akiogopa, hatutawaficha, alimwomba mama asogee, akamtazama kwa muda mrefu, akasema, “Nakuona,” akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, vinyozi wenzake, majirani, na fundi viatu aliyeendelea kunyolewa kwake.

Baba, pumzika sasa, hakuna tena wa kukuita kwa miadi.